Sindano ya Chini ya Pua

Mume wangu aliponipa talaka nilihamia Kawe kwa shangazi yangu, na kwa kuwa shangazi hakuwa mtu wa kulisha bure, wiki haikuisha akanitafutia kazi kwa Mchina. Kila mtu pale alimwita hivyo, nami sikuwahi kumjua kwa jina jingine. Alikuwa akinunua majongoo bahari kwa wavuvi, anayachemsha, anayakausha, kisha yanapelekwa bandarini kusafirishwa kwao. Kazi yangu ilikuwa kuyapasua na kuyachemsha. Harufu yake iliganda kwenye khanga, haikutoka hata kwa sabuni ya mche.

Mchina huyo alitibu pia kwa sindano. Zilikuwa nyembamba kama unywele, anazitia ndani ya kipande cha mwanzi. Walimjia wavuvi wenye migongo mibovu, wanawake wenye kipandauso, hata karani mmoja Mkristo kutoka bara ambaye shingo yake ilikataa kugeuka. Nami siku moja mgongo ulinikaba nikiwa nimeinama kwenye sufuria. Akanilaza kifudifudi, akanichoma nyuma ya magoti. Niliinuka mwenyewe. Nikamwambia anifundishe.

Macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, na nadhani ndiyo sababu hakunifukuza. Alinishika mikono, akaminya kidole kimoja kimoja.

"Utalia," alisema.

"Nimeshalia sana, bwana."

"Hujalia bado."

Alinifundishia mwilini mwangu mwenyewe. Alichora mguu wangu kwa mkaa, akanipa sindano, akaniambia nichome. Nikikosea mahali, hakuniruhusu kuichomoa. Aliikandamiza kwa kidole gumba mpaka nipige kelele, ndipo anasema, "Hivyo ndivyo mgonjwa angeumia." Nikipatia, ganzi nzito hupanda kutoka kwenye sindano mpaka nyongani, naye huitikia kwa kichwa tu. Kwa miezi mingi miguu yangu ilikuwa na madoa kama ya mtoto mwenye surua. Shangazi aliniuliza kama napigwa. Nikamwambia nasoma.

Mahali pamoja alinionyesha mara moja tu, chini ya pua, juu ya mdomo. "Hapa ni pa mtu aliyezimia. Mwenye fahamu zake usimchome hapa." Kisha akanichoma, ili nijue. Nilihisi kama meno yangu yote ya juu yanang'olewa kwa pamoja.

Mwaka wa tatu nilikuwa natibu nami, yeye amekaa pembeni akisikiliza. Asubuhi moja akatokea mtu na baiskeli, amelowa jasho. Alikuwa mtalaka wangu. Hakutegemea kunikuta. Alimwamkia Mchina, akaeleza kwamba mama yake amepooza upande mmoja, hasemi, na hospitali wamemrudisha nyumbani Temeke.

"Macho yangu hayafiki Temeke," Mchina alimjibu. "Atakwenda huyu."

Mama huyo ndiye aliyekuwa mavyaa wangu. Nilikaa nyumbani kwake miaka minne bila kushika mimba. Alipenda kuwaambia wageni, mie nikiwa palepale na sinia la chai mkononi, "Mwanangu kafuga jogoo, anangoja mayai." Siku ya arobaini ya mtoto wa jirani nilinyoosha mikono nimpokee mtoto, akanipiga kofi mkononi mbele ya wanawake wote. "Usimguse, utamkausha!" Na talaka yangu yeye ndiye aliyeitaka.

Sasa nilimkuta amelala juu ya kitanda cha kamba, mdomo umeenda upande, jicho moja halifumbi. Mke mpya wa mtalaka wangu alikuwa uani na watoto wake wawili.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Alinitambua. Lile jicho liliniganda.

Siku ya kwanza nilimtibu kwa haki. Nilimchoma mkononi, mguuni, pembeni ya mdomo, kama nilivyofundishwa. Siku ya pili, nilipomaliza, mkono wangu ukachukua sindano moja zaidi. Nisiseme mkono. Nilichukua mie. Nikaiweka chini ya pua yake, nikaizungusha polepole, na machozi yakamtoka mpaka masikioni. Mtalaka wangu alikuwa mlangoni.

"Mbona analia?" aliuliza.

"Dawa inafika," nilimwambia.

Nilifanya hivyo kila asubuhi. Nilikuwa nikiamka nimechangamka. Njiani nilijikuta naimba.

Siku ya saba ulimi wake ukarudi kidogo. Niliposogeza sindano, alitikisa kichwa, akasema kwa taabu lakini kila mtu alisikia, "Ananitesa. Ananitesa huyu."

Nyumba nzima ikapiga vigelegele kwa kuwa amesema. Mtalaka wangu akapiga magoti kando ya kitanda. "Vumilia, mama. Si unaona unapona? Vumilia." Kisha akamshika mikono yote miwili, akaikandamiza kifuani pake, akanigeukia. "Endelea."

Ningeweza kuacha. Nikaendelea. Nilizungusha ile sindano zaidi ya siku zote, huku mama akiita jina la mwanawe kwa kelele, na mwanawe akisema vumilia.

Mama yake alisimama baada ya mwezi. Nikarudi Kawe kifua mbele, nikamwambia Mchina kwamba aliyeshindikana hospitali nimemwinua mie. Akaniuliza nilichoma wapi. Nilitaja pote, na kwa kiburi nikataja na pale chini ya pua. Akauliza, "Alikuwa na fahamu?"

"Ndiyo."

Aliniambia nikae. Akapapasa uso wangu, akanichoma palepale, akaacha sindano imesimama, akaenda kula wali wake. Alikula taratibu, akaosha bakuli. Aliporudi aliichomoa, akaifuta, akachukua na zangu zote akazitia kwenye mwanzi wake. "Usije kesho," alisema. Hata kwenye majongoo hakunitaka tena. Wagonjwa waliokuja baadaye aliwarudisha, kwa sababu macho yake hayakuona tena pa kuchoma.

Tulikutana na mavyaa miaka kadhaa baadaye, msibani Temeke. Alikuwa anatembea na mkongojo. Nilimfuata jikoni walikokaa wanawake, nikapiga magoti mbele yao, nikamwomba radhi.

"Wewe nilikutesa, ukanitesa," alisema. Maneno yalikuwa bado yanamtoka upande mmoja. "Hayo yamekwisha. Lakini yule nimemzaa mie. Nilimwambia nateswa, akanishika mikono. Mpaka leo akiniletea chakula siwezi kumtazama."

Wakati huohuo mwanawe aliingia na sahani ya ubwabwa, ameichagulia nyama laini. Akachutama mbele yake. "Mama, kula."

Alipokea sahani, akageuza uso ukutani, akaanza kula.