Tulivyompoteza Mama Divine ndani ya maktaba ya chuo, Columbus

Wakuu, habari za weekend. Haya nimeyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi. Ni Jumamosi iliyopita tu, na mpaka sasa natembea nikicheka peke yangu.

Kwa wasionijua: mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, sasa niko Louisville, huku South End. Naendesha forklift ya kubeba mizigo ghalani.

Binti yetu wa kwanza, Divine, alipata admission chuo kikuu kimoja Columbus. Mimi nikashangilia. Mke wangu akagoma.

"Msichana hatoki kwa baba yake kabla hajaolewa. Kwani hapa Louisville hakuna vyuo?"

Wiki tatu nyumba imenuna, na Jumatatu ndiyo mwisho wa kujibu. Nikamwambia, basi twende ukapaone, halafu wewe ndiye uamue.

Tuliondoka alfajiri. Ni masaa matatu na nusu hivi. Mama Divine alitazama dirishani mpaka Cincinnati, na hapo aliomba chai tu.

Wakuu, ile sehemu ya zamani ya chuo, acheni kabisa! Majengo ya matofali mekundu, mnara wenye saa, na katikati uwanja wa majani ambao ukisimama huku, mtu wa kule humtambui. Nilipiga picha mpaka simu ikajaa. (Ndiyo, nilipiga na picha ya squirrel. Msinicheke.)

Tukafika maktaba kuu. Mama Divine akasita mlangoni.

"Watu kama sisi wanaruhusiwa?"

"Mom, anybody can go in," Divine akamjibu. Watoto wetu mnawajua, unawasemesha Kiswahili wanarudisha Kiingereza.

Tukapanda lift mpaka juu kabisa, mji wote ukawa chini yetu. Mimi na Divine tukashangaa dirishani weee. Kugeuka, mama hayupo.

Simu yake alikuwa ameiacha kwenye gari.

Tukashuka floor moja baada ya nyingine, tukichungulia kila kona. Nikajua amekasirika, ametoka nje. Divine akaanza kulia kwenye ngazi.

"Dad, I'll stay home. Let's just find her."

Yaani yuko tayari kubaki Louisville, mradi tumpate mama yake; kauli ile ilinikata maini.

Tukampata chini kabisa. Amekaa mezani na mama mmoja mzungu mwenye mvi, mfanyakazi wa pale. Mbele yao kamusi ya Kirundi, ya zamani, kurasa zimegeuka njano. Mke wangu anasoma neno kwa sauti, mzungu anarudia, anakosea, wanacheka wote wawili.

Huyu ni mtu aliyeishia darasa la sita, wakuu.

"Baba Divine, njoo uone! Nilimwuliza kama wana kitabu cha Kirundi. Nilitaka akose, nipate la kusema, kwamba chuo chenyewe hakitujui. Kaniletea vitatu!"

Divine akamkumbatia kwa nyuma, bado ana machozi.

"Unalia nini? Utasoma hapa," mama yake akasema. "Ila kanisa utafute kabla hujatafuta marafiki. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Kwa Kiswahili kabisa!

Hatukungoja Jumatatu. Divine akafungua email palepale mezani, na aliyebonyeza kitufe cha kukubali ni Mama Divine mwenyewe. Yule mzungu akapiga makofi, watu wakageuka kututazama.

Nilichojifunza: wiki tatu nilibishana na mke wangu nikidhani ni mkaidi, kumbe alikuwa anaogopa mahali asipopajua. Mwenzako akikataa kitu, punguza maneno, mshike mkono mwende akakione.

Sasa mlioko Columbus, hasa mnaopanga karibu na chuo, nielekezeni makanisa ya Kiswahili. Na nyie wa Buffalo, pale Kensington-Bailey, mliokwisha kuachia mabinti wakasome mbali, mioyo yenu ilitulia baada ya muda gani? Nauliza kwa niaba ya mke wangu. Sawa, na mimi pia.