Uzi Aliouacha Daktari

Nakumbuka mchana mmoja pale mtaa wa Lindi, Kibera, miaka ya tisini, nikishona nguo nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kumenishinda. Usicheke, mwanangu. Jipu lilinitoka kando ya njia ya haja kubwa, likapasuka, likaacha tundu la usaha usiokauka. Niliwaambia watu ni bawasiri. Kuhara damu sikumtajia mtu, maana enzi zile ukikonda tu, majirani walisema ni ukimwi, wakakuzika ungali hai.

Shangazi yangu wa Gatina, kule Kawangware, ndiye aliyenikokota hospitalini. Daktari alinichoma sindano ya usingizi, akanichunguza. Nilipoamka akasema utumbo wangu una ugonjwa wa kudumu, nao umechimba njia mpaka nje. Nikakuta uzi umepitishwa kwenye lile tundu, ncha zinaning'inia.

"Usiuguse," akasema. Nami kwa aibu sikuuliza ni wa nini.

Uzi ule uliniogopesha. Nikipumua, ulisogea, kana kwamba kuna mtu ndani anauvuta. Nikamwambia Mutua, fundi mwenzangu.

"Daktari gani anashona halafu anaacha shimo wazi?" akaninong'oneza. "Hapo umefungwa kichawi, boss. Itoe hiyo kitu."

Nikaenda nyuma ya pazia na mkasi wangu, nikaukata, nikauvuta. Ulitoka mrefu kuliko nilivyotarajia.

Siku ya tatu tundu likaziba, ngozi ikawa laini. Nikamshukuru Mungu! Siku ya sita, cherehani zote zimenyamaza, nikasikia kitu kikidunda chini ya ile ngozi nzima. Kabla ya jioni nilikuwa natetemeka kwa homa, namwona marehemu mama amesimama mlangoni, ananitazama.

Shangazi akanirudisha kwa daktari. Usaha uliofungiwa ukatolewa, uzi mwingine ukawekwa.

"Wewe kijana, huo uzi ndio ulikuwa unaacha uchafu utoke," Shangazi akanifokea. "Mbona hukuuliza? Ulitaka nikuzike juu ya aibu?"

Nililia. Uzi wa pili nilikaa nao miezi mingi, nikimeza dawa za utumbo, mpaka daktari mwenyewe akautoa, na leo nakaa kitini kama wewe.

Mwanangu, ukiugua mahali pa siri, pataje mbele ya daktari, na tumbo ulitaje pia. Usidhani jeraha limepona kwa kuwa limeziba. Ukikatazwa kitu, uliza sababu hapo hapo, wala usiende kuulizia kwa fundi nguo. Mungu akujalie afya, na siku nguvu zikikupungukia, akupe mtu wa kukukokota.