Pamba Aliyochambua Kabula

Nakumbuka siku moja, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofika kijijini kwetu Sapiwi mara ya kwanza, mama mkwe wangu alinikemea hadi nikatamani ardhi inimeze. Leo namshukuru, mwanangu, na wewe unayelea mtoto wako wa kwanza nakusimulia.

Binti yangu Kabula alishikwa na degedege siku ya pili tu baada ya kuzaliwa. Likapita, tukamshukuru Mungu. Ila alipofika miezi saba alikuwa akishika kila kitu kwa kushoto, na mkono wa kulia ameukunja ngumi. Kwa ujinga wa ujana nikadhani ni mashoto tu. Nikawa nakipiga kile kimkono cha kushoto, asije akatutia aibu kwa kupokea vitu vya watu kwa kushoto. Kumbe nampiga mtoto mgonjwa. Bado linaniuma.

Daktari mjini Bariadi ndiye aliyetueleza kwamba Kabula alipata kiharusi akiwa kichanga. Nilibisha, maana kiharusi mimi nilikijua cha wazee. Akasema mkono ule haujafa, upewe kazi kila siku, kwa mchezo na bila viboko.

Alipotimiza miaka mitatu, mama mkwe akampa kazi ya kuchambua pamba. Walikaa kwenye lundo, Kabula akitoa ile chafu ya njano, tunayoiita fifi, kwa vidole vya kulia, polepole mno. Mimi na haraka zangu nilichoka kusubiri. Basi wanunuzi wapya walipoanza kupima safi na fifi pamoja kwa bei moja, nilifurahi, nikajaza magunia bila kuchambua.

"Mayu, siku hizi hawaulizi fifi," nilimwambia mama mkwe.

Akaninyang'anya gunia. "Wewe unamchambulia mnunuzi. Mimi nauchambulia mkono wa mjukuu wangu. Mwaga hiyo pamba."

Nikaimwaga. Tukachambua kila msimu mpaka Kabula akafika darasa la tano.

Hakupona kabisa, nisikudanganye. Anachechemea kidogo, kusoma kulimchukua muda, na vifungo vidogo bado vinamshinda. Lakini alipojifungua, nilimwona akimfunga mwanawe mgongoni kwa mikono yote miwili, nikalia mbele za watu bila haya.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akichagua mkono mmoja kabla hajatimiza mwaka, usimpige wala usingoje. Mpeleke hospitali. Kisha mwachie kazi aifanye mwenyewe, hata akimaliza mchana kutwa kwa kufunga kamba moja. Mungu akujalie subira niliyoikosa mimi, na mikono ya wanao ije ikulishe uzeeni.