Makene na Kitenzi cha Kwenda

Makene alilelewa nyuma ya ng'ombe huko Usukumani, na tangu amwoe Ruti walikuwa wamehamahama hadi wakashukia bonde la Momba, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kila walipofika aliridhika msimu mmoja tu. Nyasi zikianza kukauka, naye usingizi unampaa. Anasimama uani akitazama milima kama mtu anayeitwa.

Hapo bondeni kulikuwa na Padre Anselmo, Mhispania aliyekuja kuchimba visima. Makene alimpelekea maziwa kila asubuhi, na kwa kuwa padre alikuwa bado anajifunza Kiswahili, wakazoea kubadilishana maneno. Siku moja Makene alimsikia akimwambia mwenzake, "Voy a comer."

"Umemwambia nini, Padre?"

"Kwamba nitakula. Kwetu, jambo tunalokusudia kulifanya tunalisema kwa kitenzi cha kwenda. Voy, ninakwenda. Voy a comer, ninakwenda kula. Hata kama sahani iko mbele yangu."

Makene alicheka mpaka machozi. Watu ambao kila mpango wao unaanza na kwenda, aliwaona ni ndugu zake. Tangu siku hiyo nyumbani ikawa voy a kukamua, voy a kulala, na watoto wakaidaka. Ruti peke yake hakucheka. Mumewe akichangamka namna hiyo, safari haiko mbali.

Kweli, mwezi wa nane, wakiwa wanakula, akalitoa.

"Mama Damiano, nasikia upande wa pili wa Ziwa Rukwa majani yapo. Voy a kuhama."

Ruti alinawa mikono kwanza. Kihenge chake kilikuwa kimejaa mpunga kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na Damiano alikuwa hajahamishwa shule tangu aanze. Siku chache nyuma alikuwa amepita kwa padre kuuliza neno moja.

"Mimi voy a quedarme, Baba Damiano."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ninakwenda kubaki."

Makene akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. "Mtu haendi kubaki."

"Padre anasema kwao inasemeka. Nimehama na wewe nikiwa na mimba, nimehama na mtoto mgongoni, nimehama matanga hayajaisha. Safari hii nenda na ng'ombe wako."

Akaenda kweli, yeye na mdogo wake Kashinje. Njia nzima alikuwa mkali, anagomba na ndama. Walipofika, majani yalikuwepo kama alivyosikia, mabichi mpaka magotini, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana hakuwa na wa kumwonyesha. Kabla mvua hazijashika akamwachia Kashinje nusu ya kundi, akarudi na nusu.

Alimkuta Ruti shambani. Mkewe aliacha jembe, akaenda kumbandikia maji ya kuoga.

Mwaka uliofuata Makene alifyatua tofali, akaezeka bati. Lakini miguu haikutulia. Kila kiangazi alipata sababu: leo mnada wa Mkwajuni, kesho kumjulia hali Kashinje. Anatoweka wiki nzima, anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, analalamika kwamba hajapumzika. Ruti anamsikiliza huku anapepeta mchele, na asubuhi anamkuta tena uani, amesimama, anatazama milima.