Adui wa Saa Moja Jioni

Nilisema tangu mwanzo na ninasema hadi leo: yule mama siyo adui. Wateja wangu walicheka. Mmoja aliniambia nimmalizie sketi yake kwanza ndipo niende kumtetea mtu wa kwenye televisheni. Sikurudi nyuma hata hatua. Mimi nikishika neno nimelishika.

Tulikuwa tunabishana juu ya tamthilia ya saa moja jioni, ambayo wakati huo karibu kila nyumba ya mtaa wetu wa Buhongwa ilikuwa inaifuatilia. Mwanamke ameolewa na mwanaume aliyefiwa na mke, akakuta binti wa marehemu, na nyumba ambayo marehemu alimwachia huyo binti. Baba mwenyewe ni mtu wa safari, haonekani. Siku moja mjomba anakuja kumchukua binti akafanye kazi za ndani mjini. Yule mama anasimama mlangoni, anamwambia mjomba mtoto ana ugonjwa mbaya wa kuambukiza, na mjomba anatoka mbio kandambili mkononi. Uongo mtupu! Lakini mtoto amenusurika. Ila mtoto angeondoka, nyumba nayo ingeondoka. Sasa ameokoa mtoto au ameokoa nyumba? Halafu kipindi kilichofuata akaishusha picha ya marehemu ukutani na kuifungia sandukuni.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna maswali mawili tu. Ukiingia umechelewa, unakaa kwenye benchi, unamgusa jirani: steringi nani, adui nani? Ukishajibiwa, roho inatulia, unajua wa kumpigia makofi na wa kumzomea. Yule mama alitunyima raha hiyo. Kwenye kibanda changu cha ushonaji, katikati ya cherehani na sare za shule, wanawake waligawanyika makundi mawili na chai zao zikapoa.

Kwamba mimi ndiye niliyemtetea kuliko wote haikuwa ajabu, kila mtu alijua kwa nini. Nami niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mke. Nami nilikuta binti, yuko kidato cha pili sasa, na picha ya mama yake imetundikwa juu ya televisheni. Kila jioni nilipotaka kumtazama yule mama wa tamthilia, ilinibidi kwanza nitazamwe na mama huyu mwingine.

Binti alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Shikamoo aliitoa kila asubuhi, kama mtu anayelipa ushuru wa soko ili apite. Lakini hakuniita jina lolote. Si mama, si anti, si mama mdogo. Alisema tu, "Chumvi imeisha," akiuambia ukuta, na mimi nikawa ndiye ukuta. Sina mtoto wa kuzaa. Nilimtaka huyu, na nilimtaka vibaya.

Mahali pekee tulipozungumza ni mbele ya televisheni.

"Huyo ni adui," alikuwa akisema, bila kunigeukia.

"Amemwokoa mtoto."

"Ameokoa nyumba."

"Vyote viwili haviwezekani?"

"Mbona basi ameficha picha?"

Hapo alinibana, maana hata mimi ile picha iliniuma. Nilimjibu kwamba tusubiri, labda ana sababu. Akasema watu wabaya wote wana sababu. Ana akili yule mtoto, na nilifurahi hata aliponishinda, kwa kuwa jioni hizo maneno yake yalikuja upande wangu.

Aliyeharibu ni mume wangu, tena kwa utani. Ni fundi wa viti vya mabasi pale Buzuruga, akirudi jioni anakuwa amechoka na anataka amani. Jioni moja tulibishana mpaka akatupa mikono juu. "Ngojeni mwisho wake," alisema. "Akifa ni adui, akipona ndiye steringi. Steringi hafi, si mnajua?"

Tulicheka sisi wawili. Binti hakucheka. Aliinua macho akaitazama picha ya mama yake, akaweka sahani chini, akaenda chumbani. Mume wangu alibaki na tonge mkononi. Toka siku hiyo saa moja ilipofika mtoto alikuwa chumbani na daftari lake, na mimi nikabaki nabishana na matangazo ya sabuni.

Ningeweza kukaa nikanung'unika. Sikuumbwa hivyo. Niliitazama ile picha vizuri kwa mara ya kwanza, nikaona kioo kimepasuka kwenye kona na unyevu wa masika umeingia, doa limeanza kupanda shavuni mwa marehemu. Nikasema hapa ndipo pa kuanzia. Asubuhi yake niliishusha, nikaifunga kwenye kitenge, nikaipeleka kwa fundi vioo Buzuruga, karibu na anapofanyia kazi mume wangu. Fundi akasema nirudi Jumamosi.

Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi, na hapo ndipo nilipojikoroga, kwa sababu mtoto alirudi shuleni akakuta msumari mtupu. Hakuuliza. Jioni aliomba simu ya baba yake, akatoka nayo uani.

Jumamosi tulikwenda Mwaloni kununua samaki, kama kawaida yetu, mimi nikichagua na yeye akibeba. Nilimpa kijana sato wangu awaparue, tukakaa kwenye jiwe karibu na maji kusubiri. Ndege makorongo walikuwa wamesimama pale na makoo yao yaliyoning'inia, wakingojea utumbo. Ziwa lilikuwa limetulia, mitumbwi ya usiku imeshapandishwa mchangani. Mtoto akasema akiyaangalia maji:

"Umeitupa?"

Nilijua anauliza nini. Nilikuwa na jibu tamu tayari, kwamba nilitaka kumfurahisha, na lilikuwa la kweli. Lakini halikuwa kweli yote, na nilikuwa nimechoka kumtetea yule mama wa tamthilia ambaye hakuna siku anaulizwa kitu akajibu moja kwa moja.

"Sijaitupa. Iko kwa fundi, kioo kilipasuka," nilisema. "Lakini fundi aliponiambia hadi Jumamosi, nilifurahi. Nilitaka nipumzike kidogo kutazamwa."

Akageuka. Macho yake ni ya mama yake, sijui kwa nini nilikuwa sijaliona hilo.

"Mbona hukusema?"

"Na wewe husemi."

Alichokonoa jiwe kwa kidole cha mguu. Niliona nikinyamaza hapo nimekwisha, nikaendelea. Nilihisi ile simu ya uani ilikuwa ya kutaka kuondoka, nikamwambia nataka abaki nyumbani kwetu, na si kwa faida yake peke yake. Shule nzuri ipo, baba yake yupo, hayo ni kweli. Lakini nataka na mimi niwe na mtoto wa kumgombeza kwa kuchelewa. Nikamwambia akitaka kuniita adui aniite, ila aniite kitu.

"Nimeshampigia bibi," alisema polepole. "Nimemwambia umemshusha mama ukutani, kama yule wa tamthilia. Anakuja kesho kunichukua."

Hata hivyo nililipa samaki, nikambebesha mfuko, tukaenda Buzuruga kuichukua picha. Aliipakata yeye njia nzima. Jioni aliitundika mwenyewe, akaifuta kioo kwa sketi ya shule, nami nikameza maneno juu ya sketi ile.

Bibi yake, mama mzazi wa marehemu, alifika Jumapili baada ya ibada, kutoka Misungwi, na begi kubwa tupu. Begi tupu nililiona kabla ya kumwona mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mtoto wangu mmemshusha ukutani."

Mume wangu akaanza kueleza, nikamkanyaga mguu. Nilikuwa nimeamua usiku kucha: sitaomba, sitalia, na sitamsemea mtoto. Nilimkaribisha kiti, nikamletea samaki na ugali. Bibi alikula akiwa ameinua uso kwa picha ya binti yake iliyokuwa palepale juu, na kioo kipya. Alimaliza sahani. Alinitania kwamba sisi Wakerewe hatujui kingine, lakini samaki tunamjua.

Saa tisa yalikuja marudio ya tamthilia. Binti alitoka chumbani, akakaa mkekani miguuni pa bibi yake. Siku nyingi hakuwa amekaa pale. Ilikuwa ile sehemu ya mlangoni, mjomba na kandambili zake. Bibi alikuwa hajawahi kuitazama tamthilia hiyo, akafanya kama tunavyofanya wote. Alimgusa mjukuu wake begani.

"Huyu mwanamke ndiye adui?"

Nilitamani umeme ukatike. Mume wangu alikuwa anaangalia vidole vyake. Hoja zangu zote za kibandani zilinijia mdomoni kwa pamoja, na nilizirudisha zote, moja moja, kwa nguvu. Safari hii swali halikuwa langu.

Mtoto alimfuata mjomba kwa macho mpaka akaishia kwenye kona ya barabara.

"Hapana, bibi."

"Basi ndiye steringi?"

"Hapana. Steringi alikufa." Aliinua kidevu kidogo, kuelekea juu ya televisheni. "Huyu ndiye aliyebaki. Bado tunamwangalia."

Bibi aligeuka. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, bila chuki na bila upole, kama nimtazamavyo mteja kabla sijakata kitambaa. Halafu akalisukuma begi lake kwa mguu, likaingia chini ya kiti.

"Basi na mimi niangalie," alisema. "Chai ipo?"

Binti aliinuka kabla yangu. Nilimsikia jikoni akiwasha jiko, akigonganisha vikombe bila sababu. Akachungulia mlangoni.

"Mama mdogo," aliita. "Sukari iko wapi?"

Sukari ilikuwa kwenye kopo la bluu, kwenye rafu, palepale inapokaa siku zote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka asubuhi ile.