Jezi Kubwa za Kapteni

Mpaka leo nikiiona sura ya Kapteni Baldomero, mkuu wa mtaa wetu hapa Iloilo, Ufilipino, damu inanichemka. Mimi ndiye mwandika alama wa mechi za mtaani, kwa hiyo yote niliyaona kwa macho yangu.

Kaka yangu Crisanto ni fundi wa kuchomelea mageti. Jioni hufundisha mpira wa kikapu, na mpira wake ni mmoja tu: mbio. Daka, toa pasi, kimbia, mpinzani asipate hata nafasi ya kuhema. Miaka miwili aliwanoa vijana saba wafupi, wengine wakicheza na kandambili. Alitaka kitu kimoja tu duniani: kombe la fiesta, sikukuu yetu ya kila mwaka, alichukue na hao saba.

Wiki moja kabla ya mashindano, Kapteni akaleta jezi zenye jina lake mgongoni, zote saizi ya majitu.

"Kapteni, hizi si zitawameza vijana wangu?"

"Nani kakwambia ni za hao vifaranga wako? Naleta watu warefu kutoka mjini. Kwenye picha lazima tuonekane!"

"Mbio wanaziweza?"

"We vipi, kocha? Umepewa watu, wafundishe!"

Wafundishe! Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini mwenye jezi atasikia la nani? Warefu wakala pancit, tambi za kukaanga za Kapteni, wakafanya mazoezi siku mbili, wakilalamikia magoti. Vijana saba wakatupwa kama maganda ya ndizi. Mtaa jirani ukawaokota siku hiyohiyo.

Fainali tukakutana nao. Warefu wetu walikuwa wakitembea tu, wameshiba. Robo ya nne tuko nyuma kwa alama nne, Toting wa upande wao, mfupi kuliko wale saba wote, akadaka mpira akasita. Kaka akaruka kutoka benchi letu.

"Toting! Unangoja nini? Kimbia! Kushoto kweupe!"

Toting akakata kushoto. Kikapu.

Watu wakaangua kicheko. Kapteni akaja juu: "Msaliti! Unafundisha timu ya nani?"

"Yangu, Kapteni," kaka akasema, akaivua jezi ya Kapteni aliyokuwa amevaa, akamwekea kitini.

Nikaandika alama mbili. Nikaikandamiza kalamu kwa hasira, maana zilikuwa za kaka yangu, na nilikuwa naziandikia mtaa mwingine.