Mstari wa Maji

Mgeni aliteremka kwenye basi, begi likimning'inia begani, akauliza kwa fundi cherehani ni wapi. Majirani wakamcheka kidogo. "Kwa Povu? Piga hodi ukiwa mbali, baba. Chupa za pale hazina adabu."

Povu mwenyewe, mume wa fundi, aliyasikia hayo kupitia dirisha, wala hakucheka. Alikuwa mchomelea vyuma, na bia ya kujipikia nyumbani ndiyo ilikuwa starehe yake pekee. Tangu chupa moja ipasukie mkononi mwa mkewe, kidole cha mama wa watu kilikuwa hakikunjiki, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ikipasuka nyingine, Povu atafute pa kulala. Nyumba ile mke ndiye aliyeachiwa na baba yake.

Mgeni alikuwa rafiki wa kaka wa mke, mtu wa kuzunguka nchi za watu, kwa hiyo alimwita mwenyeji wake shemeji. Povu akafurahi kupata wa kumwonyesha. Akachota maji matamu ya kimea kutoka kwenye pipa, akayaacha yapoe kwa sababu yakiwa moto hudanganya, akatumbukiza kijiti cha kioo chenye karatasi ya namba ndani. Akakizungusha ili mapovu yabanduke, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Sukari ikiwa nyingi, alieleza, kijiti huelea juu. Chachu ikishaila, huzama. Kikitulia kwenye mstari wake siku kadhaa, ndipo unajaza chupa. Ukiharakisha, chachu itaendelea kula humo humo, na hewa haina pa kutokea. Yeye hajaharakisha hata siku moja, aliapa.

"Na kwenye maji matupu kinasoma ngapi, shemeji?" mgeni aliuliza, kama anayeulizia chumvi.

Povu hakuwahi kujaribu. Akajaza maji ya bomba. Kijiti kikazama; mstari wa maji, ule wa sifuri unaopaswa kukaa sawa na uso wa maji matupu, ukapita chini, nacho kikaendelea kushuka. Akakitoa, akakigonga kwa kucha. Karatasi ikateleza ndani ya kioo. Ilikuwa imebanduka na kushuka, nani ajuaye tangu lini, na bia yenye sukari bado ilikuwa ikisomeka kama imeiva.

Kabati la jikoni lilikuwa limejaa chupa za juma lililopita.

Akavaa glavu za kazini, akaanza kuzifungua moja moja juu ya sinki. Hajamaliza hata rafu ya juu, moja ya nyuma ikalipuka. Vioo vikamwagika sakafuni. Hakuna aliyeumia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

Povu akamweleza yote. Safari hii alikuwa na ukweli, nao ulitoka na sura ile ile ya visingizio.

"Kwanza lilikuwa joto," mkewe alisema. "Halafu chupa za dukani. Sasa karatasi. Hata ikiwa ni karatasi, baba watoto, mkono ni wangu."

Povu akavua glavu, akakunja nguo zake, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akamkabidhi mgeni zile glavu. "Zilizobaki zifungue polepole, shemeji. Funika kitambaa kwanza."

Alitembea taratibu mpaka kona, masikio yote nyuma, huenda akaitwa. Alichosikia ni kizibo kikiachia, na mgeni akiomba ufagio.